Wasia wa Mama na Wasia wa Baba

Wazee wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii twaikariri tangu utotoni, lakini ni wachache wanaosimama kuitazama. Haikusema kwamba asiyefunzwa na wazazi wake hufunzwa na ulimwengu. Imemchagua mzazi mmoja ikamkabidhi kazi yote, na wa pili haikumtaja kabisa. Je, ni kwa sababu baba hana la kufunza? Au mafunzo yake ni ya namna nyingine, ambayo methali haikuona haja ya kuyataja?

Watu wengi wana jibu tayari. Husema kwamba mama hulea kwa upole na baba hulea kwa ukali. Mama hufuta machozi, baba hushika bakora. Mama husamehe kabla hajaombwa, na baba huombwa sana ndipo asamehe. Jibu hili ni jepesi, na kila mtu aweza kupata nyumba moja au mbili za kulithibitisha. Hata hivyo, jambo lisemwalo na wote halikosi kuhitaji kupimwa. Katika insha hii nataka tulipime kwa mizani ya fasihi, kwa kuzisoma tendi mbili ambazo wazazi wawili waliwatungia watoto wao. Mmoja ni mama wa visiwa vya Lamu, na wa pili ni baba wa pwani ya Tanga.

Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, Shekhe wa Siyu. Mji wa Siyu, ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni. Palishonwa viatu vya ngozi, palichongwa milango, na palinakiliwa misahafu iliyosifiwa kwa uzuri wa hati zake. Ulikuwa pia mji wa vita. Katika miaka ya 1840 Bwana Mataka aliyapinga majeshi ya Sayyid Said wa Unguja, nayo yakarudi bila ya kuutwaa mji. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi tunaouita leo Utendi wa Mwana Kupona. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mama hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki kiasi cha mwaka 1860.

Kabla ya kuufungua utendi, yafaa tuijue nyumba ambayo maneno haya yalisemwa ndani yake. Nyumba ya mawe ya Lamu na Pate ilijengwa kwa mpango wenye maana. Mlangoni pana daka, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wanaume huketi na kuzungumza. Ukivuka daka hukutani na nyumba mara moja, bali wapinda kona, ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Mbele yake pana kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa pana chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka ukutani na vyombo vya thamani. Kadiri mtu alivyozidi kwenda ndani, ndivyo alivyozidi kuingia katika milki ya mama. Kadiri alivyozidi kutoka, ndivyo alivyozidi kuingia katika milki ya baba. Mtoto wa kiume alianza safari yake ndani, akaenda chuoni kusoma, akaishia kuketi dakani akiwasikiliza wazee. Mtoto wa kike alibaki, na chuo chake kikuu kikawa mama yake.

Basi malezi ya baba yalikuwa malezi ya dakani, na malezi ya mama yalikuwa malezi ya ndani. Dakani mtoto hufunzwa namna ya kubeba jina: yeye ni mwana wa nani, asalimie vipi, anyamaze lini mbele ya wakubwa, asifanye nini hata ukoo ukaaibika. Ndani mtoto hufunzwa namna ya kuishi na mtu mwingine mchana na usiku, kuanzia chakula hata kitanda, katika afya na katika maradhi. Tofauti hii si ya upole na ukali. Ni tofauti ya mahali mzazi anaposimama na kitu anachokiona kutoka hapo.

Sasa tuufungue utendi wenyewe. Mwana Kupona anaanza kwa kumwita binti yake asogee karibu. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na kwamba hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamwagiza aketi pamoja na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni. Anamwahidi zawadi, nayo ni pambo la shingoni la kumlinda na kumpendeza, lenye lulu na marijani. Pambo hilo ni wasia wenyewe. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba mama ni upole ataufurahia mwanzo huu, kwani hapana shaka ni mwanzo wa huruma.

Lakini akiendelea atashangaa, kwa maana upole wa mwanzo haukuja peke yake. Mama huyu ni mwalimu mkali. Anaanza na mambo matatu: kushika dini, kuwa na adabu pamoja na ulimi mzuri, na kuwa mkweli. Anamkanya binti asifuatane na wapumbavu. Kisha anaingia katika habari ya mume, na hapo hataki mchezo. Anamwambia kwamba mtu huhitaji radhi tano, yaani radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Anamfundisha amkande mume, ampepee alalapo, asimgutushe usingizini, amtengeneze ndevu, amfukize udi asubuhi na jioni. Asitoke nyumbani bila ya ruhusa, na akitoka arudi upesi. Amri asiikatae, na mume akileta mabaya, malipo yako kwa Mola. Iko bakora gani iliyo nzito kuliko maneno haya?

Hapa methali ya watu wengi yavunjika. Mama wa Siyu hakumlea binti kwa ulegevu. Alijua kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, naye alikuwa akifa. Hakutaka kumwachia mwanawe kilio. Ukali wake, hata hivyo, si ukali wa adhabu. Haukutaja fimbo hata mara moja. Ni ukali wa mtu anayejua kila shimo la njia kwa kuwa ameipita kwa miguu yake, naye anamtajia mwanawe shimo baada ya shimo. Ndiyo sababu maagizo yake ni madogo madogo na ya mikono. Hasemi tu "mheshimu mume wako" akaishia hapo. Anasema shika hiki, fukiza kile, nyamaza sasa, sema baadaye. Mwalimu anayefundisha asichokifanya hawezi kuingia katika mambo madogo namna hii.

Na je, baba yuko wapi katika utendi huu? Bwana Mataka, aliyekuwa Shekhe na mpiganaji, hakutuachia wasia wa namna hii kwa binti yake. Sauti yake yatufikia kwa kinywa cha mkewe. Mwana Kupona anatoa ushahidi kwamba aliishi na Shekhe wake kwa furaha bila ya ugomvi, na kwamba saa ya kufa ilipofika, mume alimkaririshia radhi na kumshukuru. Hayo ndiyo yote. Mtu ambaye majeshi ya Unguja yalimjua kwa silaha, bintiye anamjua katika utendi huu kwa neno moja, radhi, na neno hilo limesemwa kitandani mwa mauti.

Jambo hili latufundisha mengi juu ya malezi ya baba katika nyumba za wakati ule. Baba alifundisha kwa uzito wa kuwapo kwake, na kwa uzito wa hukumu yake ya mwisho. Neno lake lilikuwa adimu, na kwa kuwa lilikuwa adimu lilikuwa ghali. Neno la mama lilikuwa la kila saa, na kwa kuwa lilikuwa la kila saa watu walilihesabu kama hewa, kitu kisichokumbukwa ila kinapokosekana. Mwana Kupona alitambua hatari hiyo. Alijua kwamba maneno ya mama hupotea pamoja na sauti yake. Kwa hiyo aliyatia katika wino, akayapa vina, akayahesabu beti zake kuwa mia na mbili, akaandika mwaka wa Hijra, 1275. Utendi ulisomwa, ukanakiliwa na waandishi wa Lamu, miongoni mwao Muhamadi Kijuma aliyesifika kwa hati yake, na mwaka 1934 ukachapishwa Uingereza na Alice Werner pamoja na William Hichens. Mwana Hashima mwenyewe aliishi maisha marefu, mpaka mwaka 1933. Vita vya baba vimebaki katika vitabu vya historia. Maneno ya mama yamebaki katika vinywa vya watu.

Tukitaka kuona namna baba anavyousia anapoishika kalamu mwenyewe, yatubidi tutoke Lamu tushuke pwani hata Tanga. Huko alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mwandishi aliyefariki mwaka 1962 na kuacha vitabu vingi. Yeye alimtungia binti yake, Mwanjaa, utenzi uitwao Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Tendi hizi zilitungwa takriban karne moja baada ya ule wa Mwana Kupona, lakini Hati na wasia wa mama wa Siyu ni ndugu wa damu. Katika zote mbili mzazi anamwita binti, binti anaandika, mzazi anasema. Katika zote mbili binti anausiwa juu ya Mungu, wazazi na mume.

Hata hivyo, ndugu wa damu hawafanani sura yote. Tazama mwito wenyewe. Mama anamwambia binti asogee. Baba anamwambia binti aketi juu ya kiti aandike. Mtu aweza kusema kwamba tofauti hii ni ndogo, au kwamba vina ndivyo vilivyolazimisha neno. Mimi naona kwamba ndani yake mna malezi mawili. Mama anaondoa nafasi iliyopo kati yake na mtoto, kwa sababu wasia wake unatoka katika mwili: maradhi, mikono, kitanda, harufu ya udi. Baba anaiweka nafasi hiyo na kuipa adabu, kwa sababu wasia wake ni hati, kama zile zitolewazo barazani, yenye mtoaji na mpokeaji. Baba huyu si mkali; anasema waziwazi kwamba maneno yake ni ya mapenzi na kwamba ni akiba kwa mtoto. Mapenzi yake yamevaa kanzu na kofia. Mapenzi ya mama yamevaa leso ya nyumbani.

Iko tofauti ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mama anapomfunza binti kumtumikia mume, anazungumza kama mtu aliyetumika; ushahidi wake ni maisha yake. Baba anapomfunza binti neno lile lile, anazungumza kutoka upande wa anayetumikiwa. Aweza kuwa na nia njema kuliko watu wote, lakini hawezi kujua uchovu wa mkono unaopepea mpaka usiku wa manane. Mwenye kupepewa hupata usingizi. Mwenye kupepea ndiye ahesabuye saa. Kwa hiyo, katika habari za nyumba, mama ana elimu ambayo baba hana. Na katika habari za ulimwengu wa nje, mama wa zamani alinyimwa elimu ambayo baba alikuwa nayo tele. Kila mmoja alimpa mtoto nusu ya maisha.

Sasa tumefika mahali pagumu, na mhakiki mwaminifu hapakwepi. Msichana wa sekondari wa leo, akisoma kwamba asitoke ila kwa ruhusa na asikatae amri hata ikiwa mbaya, ataufanyia nini utendi huu? Tena atakutana na onyo kwamba asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, na maneno hayo yatamkumbusha kwamba nyumba ile nzuri ya mawe ilisimama juu ya mabega ya watu wasiokuwa huru. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria nchini Kenya mwaka 1907. Wako wanaosema kwamba utendi huu ni mnyororo uliopambwa kwa lulu, na usingefaa kusomwa shuleni. Wako pia wanaousifu wote mzima, kana kwamba wakati haukupita.

Makundi haya mawili yameruka ubeti mmoja wenye siri kubwa. Mwana Kupona anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na aangalie kwa makini kinachotoka na kinachoingia. Tulitafakari neno hili. Yule mkubwa wa nyumba, ambaye radhi yake yafungua pepo, mama anamfananisha na mtoto mchanga! Asemaye hivyo haoni mbele yake mfalme, bali kiumbe anayehitaji kulelewa. Mama hakumfundisha binti kuwa mtumwa. Alimfundisha kuwa mlezi: mlezi wa watoto, mlezi wa wageni, mlezi wa mali inayoingia na kutoka, na mlezi wa mume pia. Hiyo ndiyo nguvu ya mwanamke wa ndani kama alivyoiona yeye, nguvu ya mtu asiyeketi dakani lakini ndiye anayelifanya daka liheshimike.

Na hapo hapo ndipo ilipo kasoro ya wasia huu. Ikiwa mama analea kila mtu, na mume naye ni miongoni mwa wanaolelewa, ni nani anayemlea mama? Utendi hauna jibu ila Mungu. Amani yote ya nyumba imewekwa juu ya kichwa kimoja. Mwana Kupona alikuwa pia na mwana wa kiume, aliyekuwa bado mdogo sana siku zile. Amewaombea dua watoto wake wote, lakini hakuandika wasia wa pili kwa ajili ya mvulana: amkande nani, amshukuru nani, asimwamshe nani usingizini. Malezi ya mvulana yaliachiwa daka, na baba aliyekuwa alikalie daka hilo alikwisha zikwa. Ndiyo sababu nafikiri kwamba Shaaban Robert alipiga hatua mbele alipoketi kuwausia wote wawili, binti na mwana, hata kama aliwapa tendi tofauti. Alikiri kwa kalamu yake kwamba kulea ni kazi ya baba pia, na kwamba mvulana naye ana maneno ya kuambiwa kabla hajakabidhiwa nyumba ya mtu.

Kwa hiyo, wasichana, msiutupe utendi wa Mwana Kupona. Usomeni kama mtu asomaye barua ya bibi yake: mtii katika dini, adabu na ukweli, mambo aliyoyatanguliza yeye mwenyewe, mbishieni kwa heshima pale ambapo wakati umembishia, na mkumbuke kwamba mwanamke aliyeusia unyamavu ndiye aliyenena kwa sauti iliyoshinda sauti za wanaume wengi wa zama zake. Nanyi wavulana, msiusome kwa kicheko wala kwa kujipongeza. Jiulizeni kama mnataka kuwa waume wanaotunzwa kama watoto wasiojua kusema, au watu wazima wanaojua kupepea na kushukuru bila ya kungoja saa ya mauti.

Tofauti ya malezi ya mama na malezi ya baba, kama tendi hizi zinavyotuonyesha, haiko katika upole na ukali. Mama hulea kwa mikono, na baba hulea kwa jina. Mtoto anayehitaji mikono tu hukua akiwa mtu wa nyumbani asiyejua njia ya mjini. Anayehitaji jina tu hukua akiwa mtu wa mjini asiyejua njia ya nyumbani. Wazee waliposema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema kweli, ila waliacha nafasi. Nafasi hiyo ni ya baba, naye hataijaza kwa kukaa dakani peke yake. Yampasa aingie ndani, ashike wino, na amwite mtoto asogee.